Mtu wa Mombasa, Tuchagulie Samaki

Sheria ya kwanza ya kuishi Nyeri ukiwa umetoka pwani ni hii: usikubali kamwe kuandamana na mtu kwenda kununua samaki. Ukikubali mara moja, umekwisha. Utaitwa Jumamosi, utaitwa siku ya wageni wa ruracio, yaani mahari, utaitwa jirani akishaambiwa na daktari apunguze nyama. "Si wewe ni mtu wa Mombasa? Twende utuchagulie."

Kwanza, mimi si mtu wa Mombasa. Mimi ni wa Gazi, Kwale, na kati ya Gazi na Mombasa kuna kivuko cha Likoni, ambacho kwa foleni yake peke yake kinatosha kutenga mataifa mawili. Lakini huku mlimani kila aliyezaliwa karibu na mnazi, awe wa Vanga, awe wa Kiunga, ni wa Mombasa, na mjadala umefungwa. Nimechoka kusahihisha. Mwenye nyumba wangu, bibi mtu mzima ambaye namwita shosh kwa kuwa plot nzima inamwita hivyo, hunitambulisha kwa wageni wake: "Huyu ni wetu wa Mombasa." Naitikia. Kodi haijapanda muda mrefu, na sitaki kuwa mimi niliyemkumbusha kwa ubishi wa jiografia.

Pili, nichague nini? Samaki wa mjini huku anakaa ndani ya sanduku la kioo lenye balbu, kakaangwa tangu asubuhi, kakakamaa. Kwetu samaki huchaguliwa kwa jicho: liwe angavu, limetokeza nje. Huchaguliwa kwa matamvua: yawe mekundu, yasiwe na utelezi. Huchaguliwa kwa kidole: ukimbonyeza, nyama irudi. Sasa huyu wa kioo jicho lake lilibaki kwenye karai la mafuta, matamvua yamekauka yakapukutika, na kidole hakiruhusiwi kwa sababu za usafi. Kilichobaki kuchagua ni ukubwa, na hilo hata mtoto wa chekechea wa Ruring'u analiweza bila msaada kutoka Kwale. Bado naambiwa nisogee. Nainama, nakunja uso, nanyamaza kidogo ili jambo liwe na uzito, kisha nanyoosha kidole: "Yule." Watu wanashusha pumzi. Mtaalamu kasema.

Tatu, na hapa ndipo ninapopandwa na mori, samaki mwenyewe hajulikani kwao. Ukimuuliza muuzaji katoka wapi, anasema Kisumu. Jibu hilo lilikuwapo kabla ya swali. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Kenya hutoka Ziwa Victoria, nami ningeridhika, ila wapo wengine walionyooka mno. Wote urefu mmoja, uzito mmoja, wametolewa kwenye katoni yenye maandishi ya Kichina, na barafu ingali imewashika kiunoni. Samaki hao walizua kelele nchi nzima, hata mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akasimama kutaka wazuiwe. Hakuna aliyeuliza maoni yangu, lakini ninayo.

Maoni yangu ni kuhusu safari. Huyo tilapia wa katoni kapakiwa melini huko China, kavuka Bahari ya Hindi yote, kapita juu ya vichwa vya tafi, changu na kolekole walio hai na wazima, kateremshwa Kilindini. Hapo yuko nyumbani kwangu kabisa; kutoka bandarini hadi kwa wajomba zangu ni mwendo wa kivuko na matatu moja. Basi ashuke hapo, asalimie wenyeji? La. Anapandishwa lori la friji: Voi, Mtito Andei, Nairobi, Thika, Karatina, mpaka Nyeri, aje kunikuta mimi niliyepanda kwa njia hiyo hiyo na kwa nauli yangu. Tafi wa Gazi, mwenye asili, mwenye ladha, hajawahi kupewa lifti.

Nimlilie tafi kidogo, kwa ruhusa yenu.

Tafi ndiye samaki wa kila siku wa wavuvi wadogo wa pwani ya Kenya. Wenzetu wa Tanzania humwita tasi. Hana fahari ya nguru, hatundikwi ukutani hotelini, na hakuna mtalii aliyewahi kutoka Ulaya kuja kupigana naye. Rangi yake ya udongo wa kijanikijani yenye madoadoa hufifia na kukoza kwa namna anavyojisikia, na mdomo wake mdogo umebenuka kama wa mtu anayepuliza chai. Chakula chake ni mwani na majani ya baharini, kwa hiyo ukimtaka mfuate kwenye malisho yake, ndani ya mwamba, penye nyasi. Wataalamu wamempa jina la Siganus sutor, nao wanasema anapatikana upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi tu. Maana yake ni kwamba mjini Beijing hawanaye. Tunaye sisi, na Nyeri hafiki.

Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa malema. Lema ni mtego wa kusukwa kwa fito na mianzi, una mlango mpana nje unaozidi kuwa mwembamba kwa ndani. Tafi anaingia kwa hiari yake na kutoka kunamshinda. Chambo ni mwani ule ule anaoupenda. Babu alijua siku za bamvua na siku za maji mafu bila kalenda ya ukutani. Alijua upande gani wa ghuba tafi wanalisha asubuhi. Alijua kwamba kusi likivuma kuanzia mwezi wa nne, mwenye ngalawa havuki mwamba kwa ushujaa. Anavua ndani, anapata kidogo, na nyumbani wanakula kwa adabu mpaka kaskazi irudi bahari itulie. Mtu hakuamka akauliza, "Leo mbona hakuna samaki?" Hata mtoto alilijua jibu, maana upepo ulikuwa ukimpiga usoni.

Na alijua miiba, maana tafi ana miiba yenye sumu: 13 ya mgongoni, 7 ya chini karibu na mkia, na mingine 4 ya tumboni, jumla 24. Akikuchoma, mkono unafura na usiku unakuwa mrefu. Dawa ya wavuvi ni kutia mkono katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na hata madaktari wanaafiki. Kwa hiyo tafi hushikwa kwa heshima, miiba hukatwa kwanza, na tumbo hutolewa upesi kabla mwani uliomo haujaitia nyama harufu. Baada ya hapo ni chumvi, ndimu, pilipili na makaa, kisha kila mtu anakaa chini na kufunga mdomo, maana mwenye kula tafi huku anapiga siasa atakabwa na mfupa.

Huko ndiko kumjua samaki. Unajua analala wapi, anakula nini, mwezi gani hapatikani, na ukimshika vibaya atakutenda nini. Sasa niambieni, huyu wa kwenye kioo mnamjua vipi? Mnajua yuko karibu na stendi, upande wa kulia.

Sitaki kuwaonea wenyeji. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Wazee walimweka fungu moja na nyoka, na mtu mwenye mbuzi, viazi, njahi na mahindi hakuwa na sababu ya kuingia mtoni kubishana naye. Shosh bado yuko katika kundi hilo. Mara ya kwanza nilipokaanga samaki hapa alinigongea mlango, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, funga dirisha, watu wanauliza nini kimekufa." Nikafunga. Akarudi: "Mwanangu, fungua dirisha, moshi utaharibu dari." Nikafungua. Mwishowe tukaafikiana nikaangie nyuma, karibu na tangi la maji. Tangu hapo paka wote wa mtaa wamehamia kwetu, wanalala ngazini, na ukichelewa kurudi wanakutazama kwa lawama. Paka hao wakilia usiku, watu wanasema, "Hao ni wa Mombasa."

Serikali nayo ilijaribu kuwaondolea watu wa milimani ugeni huu. Mwaka 2009 ulikuja mpango wa kuchangamsha uchumi, na ndani yake ufugaji wa samaki: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Nchi nzima ikashika jembe. Mpango ule ule ukaleta kiwanda cha kusindika samaki mpaka Wamagana, kule Tetu. Watu waliokuwa hawajawahi kumgusa samaki wakawa wafugaji wake, wakihesabu faida kwa kikokotoo.

Tatizo ni kwamba aliyepelekwa zaidi ni tilapia, na tilapia ni mtu wa joto. Anataka maji ya nyuzi 25 hadi 30 ndipo anenepe. Kuna mwezi wa saba huku ambao jua tunalisoma magazetini, na mimi mwenye miguu nalala na soksi, sembuse yeye. Samaki wakakaa miezi na miezi wakiwa saizi ya kiganja, wakiwatazama wenye shamba, wenye shamba wakiwatazama wao. Bwawa la rafiki yangu mmoja upande wa Othaya sasa linanyweshea ng'ombe, na ng'ombe hao, nasema kwa haki, wamenenepa.

Nawaza hivi: je, katika ardhi hii yote yenye baridi na mito inayoshuka kwa kelele kutoka mlimani na Nyandarua, hakuna samaki aliyeumbiwa baridi? Yuko. Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Anaitwa trauti. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi anaanza kuona dhiki, kwa hiyo mito ya huku kwake ni pepo: Gura, Chania, Thego, Sagana, Burguret, Naro Moru. Si mzawa, ni kweli. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, Mwingereza aliyekwisha kupata umaarufu kwa kutembea kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo na ambaye, inaonekana, baada ya hapo hakuwa na kazi ya kutosha. Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, nayo yakaja kutiwa katika mto Gura. Reli ya kuja pande hizi ilikuwa bado haijajengwa. Mayai! Sisi mwaka huu tunaambiwa tafi mzima hawezi kutoka Gazi hadi Nyeri kwa lami, ataharibika. Mayai ya Mskoti yalivuka bahari, yakateremshwa pwani kwetu, yakapandishwa milima pasipo barabara, yakafika yakaanguliwa. Nayo, nakumbusha, yalipita Mombasa bila kusalimia.

Yeye na mwenzake wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, wakaenea mitoni. Wakaletwa kwa ajili ya nini? Mchezo. Mzungu alisimama mtoni na ndoana iliyovishwa manyoya ya ndege ifanane na mdudu, akamvua samaki, akafurahi. Binti mfalme Elizabeth na mumewe Philip walipokuja mwaka 1952 walifikia Sagana Lodge, nyumba waliyozawadiwa kwa harusi yao, kando ya mto wa trauti, na ilikuwa hapo, tarehe 6 Februari, alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ndiye malkia. Historia ya ufalme mzima imepita ubavuni mwa samaki huyu. Historia ya sufuria za Nyeri haijamgusa.

Mpaka leo kuna watu wanaomvua kwa leseni, wanampima, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Nilimsimulia ami yangu wa Gazi kwa simu, akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kama huku nalala vizuri, na kama nisingependa asomewe mtu kisomo. Sikujua kama mtu huyo ni mvuvi au ni mimi.

Jaribu kuuliza mjini trauti anauzwa wapi. Utaelekezwa hotelini, akiwa ameandamana na karoti zilizochongwa na bei inayokulazimu kukaa kwanza. Karibu na Nanyuki kuna mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mugumo, chini yake mabwawa ya trauti. Watu wanatoka Nairobi kuja kupanda mti ule, ambao wazee walikuwa wakiuendea kwa maombi na mwanakondoo, ili wale samaki wa ng'ambo. Serikali inacho kituo chake cha kuzalisha trauti hapa Kiganjo. Kiganjo! Jina ambalo Wakenya wote wanalijua kwa kufunza polisi. Maelfu ya makurutu wamekimbia kwata jirani na samaki huyu, wamefuzu, wametawanyika hadi Mandera na Busia, na ukimshika mmoja leo ukimuuliza samaki wa Nyeri ni yupi, atakwambia tilapia. Wa Kisumu.

Wataalamu wa lishe wanalalamika kwamba Mkenya hali hata kilo 5 za samaki kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni kama kilo 20, na lawama mara nyingi huelekezwa kwenye mila za watu wa bara. Mila gani? Wenyeji hawa walikataa samaki, wakalazimishwa kutazama mmoja akiogelea katika mito yao kwa starehe ya wageni, baadaye wakapewa mwingine asiyeweza baridi, na sasa wanauziwa wa tatu aliyegandishwa. Katika yote hayo hakuna mtu aliyekaa nao akawaambia: huyu hula hiki, msimu wake huu, mshike hivi, mpike hivi. Mtu asiyefundishwa mwiba uko wapi atamwogopa samaki mzima.

Hivi karibuni nilidhani mambo yamebadilika. Muuzaji wangu wa samaki, kijana mchangamfu ambaye huniita mzee ingawa ndevu zetu ni za umri mmoja, alinipungia mkono kutoka mbali. "Mzee wa Mombasa, kuja uone!" Juu ya barafu, nje ya kioo, alilala trauti mzima, mbichi, aliyeletwa na mfugaji wa upande wa Naro Moru. Nikamkagua kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku. Jicho angavu. Matamvua mekundu. Nikabonyeza, nyama ikarudi. Nilitamani kumpigia simu ami.

"Sasa tuambie," kijana akasema, na watu wakaanza kusogea, "huyu nyinyi kwenu mnampikaje?"

"Kwetu hayuko," nikamwambia. "Huyu ni wenu."

"Wetu?"

"Yumo mto Chania hapo chini tangu babu yako hajaoa."

Akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Zii. Sisi hatumjui."

Mama mmoja akauliza kama ana magamba. Kijana akasema hapana. Nikamwonyesha kwamba anayo, madogo mno. Mwingine akauliza kama ana mifupa mingi. Kijana akasema itategemea. Mzee wa kofia akauliza anakula nini huko mtoni. Kijana akasema nyasi, bila haya, mbele ya mtu wa tafi. Nikamwambia huyu hula wadudu na samaki wenzake. Mzee wa kofia akarudi nyuma hatua moja. Mama wa kwanza akasema basi, kama anakula wenzake, heri yule wa kwenye kioo.

Nikaona hapa bila mfano hatufiki mbali. Nikasema nitamnunua mimi, nimpike nyuma kwa shosh, na atakaye kuonja aje na sahani yake. Kijana akatoa mizani, akaipangusa, akamweka trauti, akasoma, akaniambia bei. Nikamwomba arudie. Akarudia bila kusitasita, na senti zake.

Msimu hajui, chakula chake hajui, magamba hajayaona, mapishi ananiuliza mimi wa Gazi. Bei anaijua barabara.